Prius yangu inakula mafuta kuliko ilivyoandikwa: je, nimeuziwa gari bovu?

Swali: "Habari mtaalamu. Nina Toyota Prius ya mwaka 2011, niliinunua ikiwa imeshatumika. Kwenye karatasi zake imeandikwa kilomita 35.5 kwa lita. Mimi napata 19, na nikisafiri mbali kwa kasi ya 120 inashuka hadi 17. Fundi wangu anasema betri kubwa imechoka, nibadilishe. Mwenzangu kazini anasema niachane nayo nichukue haibridi ya kuchomeka kwenye umeme. Nimeuziwa gari bovu?"

Ndugu yangu, kwa maelezo uliyonipa gari lako si bovu, na nakuomba usitoe pesa ya betri kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Kilomita 19 kwa lita ni za kawaida kabisa kwa Prius ya umri huo. Kilichokuchanganya ni hiyo 35.5, namba ambayo dereva wa kawaida haifikii barabarani hata gari likiwa jipya.

Gari lako ni haibridi, yaani lina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri yake. Ni la kizazi cha tatu, kilichotoka mwaka 2009, na kizazi hicho kina namba rasmi nne. Japani walilipima kwa kipimo chao cha zamani kinachoitwa 10-15, wakapata kilomita 35.5 kwa lita. Wajapani hao hao walipolipima kwa kipimo kilichofuata, JC08, walipata 30.4. Ulaya, kwa kipimo cha NEDC, lilipewa lita 3.9 kwa kilomita 100, yaani kilomita 25.6 kwa lita. Marekani lilipewa maili 50 kwa galoni, ambazo ni kilomita 21.3 kwa lita. Kimsingi ni gari lile lile, lenye injini ile ile na betri ile ile, na kati ya namba ya juu na ya chini pana pengo la kilomita 14 kwa kila lita.

Pengo hilo linatokana na namna gari linavyopimwa. Gari huwekwa maabara, magurudumu yake yakizunguka juu ya roli, na dereva hufuata mchoro wa kasi sekunde kwa sekunde. Mchoro wa 10-15 ulikuwa wa kilomita 4.16 tu, dakika 11, kwa wastani wa kilomita 22.7 kwa saa. Kasi ya juu kabisa ilikuwa 70. Injini ilikuwa imeshapata moto kabla ya kuanza, AC imezimwa, na karibu theluthi moja ya muda gari lilikuwa limesimama. Huwezi kuitengea haibridi uwanja mzuri kuliko huo: inasimama injini ikiwa imezimwa, inaondoka kwa umeme, inapunguza mwendo taratibu na kurudisha umeme kwenye betri.

Wamarekani nao waliwahi kuwa na namba za kupendeza. Kuanzia magari ya mwaka 2008 waliongeza kwenye hesabu kipimo cha mwendo mkali unaokaribia kilomita 130 kwa saa, kipimo cha joto AC ikiwa inafanya kazi, na kipimo cha baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Prius ya kizazi cha pili, iliyokuwa na maili 55 kwa galoni, ikashuka hadi 46. Kwa hesabu yetu ni kutoka 23.4 hadi 19.6 kwa lita, bila hata nati moja kuguswa. Ndiyo maana mtu akiniuliza gari lake lilinganishwe na namba ipi, humwambia achukue ya Marekani. Ukilinganisha 19 yako na 21.3, umepungukiwa na asilimia 11 hivi. Hiyo ni tofauti ya upepo wa matairi, kasi, foleni na AC. Gari bovu lina dalili nyingine, nitazieleza.

Sasa tuje kwenye ile 17 ya safari ndefu, kwa sababu hapo ndipo wengi hudhani gari limekufa. Wamezoea magari ya kawaida, ambayo barabara kuu huyapa nafuu.

Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi. Katika gari kama lako, theluthi moja hivi ndiyo inayofika kwenye magurudumu, tuseme megajuli 11. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye kasi ya 50 lina nishati ya mwendo ya kama megajuli 0.135. Kila unapokanyaga breki hadi kusimama, gari la kawaida huigeuza yote kuwa joto la breki, na ili kurudi kwenye 50 linahitaji angalau mililita 12 za petroli nyingine. Simama mara mia moja mjini na zaidi ya lita nzima imeondoka kwa kusimama tu. Haibridi hurudisha sehemu nzuri ya nishati hiyo, tena huzima injini kwenye taa na foleni, mahali ambapo injini ya kawaida huunguza kitu kama nusu lita hadi lita moja kwa saa bila kwenda popote. Faida ya haibridi iko hapo, pamoja na injini yenyewe, ambayo imetengenezwa kwa mzunguko wa Atkinson: inatoa nguvu ndogo kuliko injini ya kawaida ya ukubwa huo, lakini inanyonya vizuri zaidi kila tone.

Kwenye barabara kuu hakuna cha kurudisha. Hupigi breki, husimami. Unapambana na hewa, na hewa haijali kama gari lina mota ya umeme. Nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa kasi: ukitoka 100 kwenda 120, mzigo wa hewa unaongezeka kwa asilimia 44. Prius yako ina umbo zuri mno, lakini hata hivyo, kwa hesabu ya karibu, kuipasua hewa kwa kilomita 100 kunagharimu lita 1.5 ukienda 80, na lita 3.3 ukienda 120. Hapo bado hujalipia msuguano wa matairi, AC wala vilima. Kwa hiyo 17 kwa lita kwenye 120 ni bei ya kasi. Rudi kwenye 100 kwa safari ile ile na utaona namba ikipanda yenyewe. Na kama una keria juu ya gari, ivue leo. Boksi la mizigo juu ya paa, kwa takwimu za Wizara ya Nishati ya Marekani, linaweza kula asilimia 10 hadi 25 kwenye kasi za barabara kuu.

Umbo la gari lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2013 kampuni ya Ford ililazimika kushusha namba ya C-Max Hybrid kutoka maili 47 hadi 43 kwa galoni. Kanuni ziliruhusu kutumia matokeo ya gari lao jingine, Fusion Hybrid, kwa kuwa magari hayo yalikuwa na injini na giaboksi moja na uzito wa daraja moja. Lakini C-Max ni refu kwenda juu, na hewa ikadai haki yake.

AC nayo ina hesabu inayoshangaza. Kwenye gari lako kompresa inaendeshwa na umeme, kwa hiyo AC inafanya kazi hata injini ikiwa imezimwa. Ni starehe nzuri, ila umeme huo umetoka kwenye petroli. Chukua AC inayotumia kilowati moja. Ukienda kasi ya 60, kilomita 100 zinakuchukua chini ya saa mbili, na AC inakula kama nusu lita hivi. Ukiwa kwenye foleni inayosogea kwa kilomita 10 kwa saa, kilomita hizo 100 zitakuchukua saa 10, na AC ile ile itakula zaidi ya lita tatu. Ndiyo maana utaona gari linawaka na kuzima, linawaka na kuzima, mkiwa mmesimama. Betri haijaharibika hapo, inachajiwa ili ukae kwenye ubaridi. Ushauri wangu si kuzima AC ukaloa jasho. Fungua vioo dakika mbili za mwanzo joto la ndani litoke, weka nyuzi 25 badala ya 18, na zungusha hewa ya ndani.

Safari fupi pia huumiza. Injini ikiwaka ikiwa baridi, kompyuta huilazimisha kuunguruma hata kama betri imejaa, ili ipashe moto kichujio cha moshi kilichoko kwenye ekzosi. Mtu anayekwenda kilomita mbili, anazima, anakaa saa nne, kisha anarudi kilomita mbili, kila mara analipia kupasha moto na hafaidi. Kwenye nchi za baridi ni kubaya zaidi. Wizara hiyo hiyo ya Marekani inaeleza kwamba kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri haibridi hupoteza asilimia 30 hadi 34 mjini, wakati gari la kawaida hupoteza kama 15. Ukiweza, unganisha safari zako za karibu ziwe mzunguko mmoja.

Kabla hatujafika kwenye betri, nina shaka na hiyo 19 yenyewe: umeipata wapi? Kama ni ya dashibodi, jua kwamba kompyuta hizo mara nyingi hujipendelea kwa asilimia chache. Pima kwenye pampu. Jaza fulu tanki mpaka nozeli ikatike mara ya kwanza, usiongeze tone, andika kilomita. Tembea mpaka tanki likaribie kuisha, rudi kwenye pampu ile ile, jaza vile vile. Tanki moja halitoshi kutoa hukumu, kwa sababu nozeli hukatika mapema au kuchelewa. Kusanya matanki kadhaa, jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, kisha gawa mara moja. Usichukue wastani wa wastani. Mtu akitembea kilomita 100 kwa 25 kwa lita, na nyingine 100 kwa 15 kwa lita, atasema amepata 20. Hapana: ametumia lita 4 na lita 6.67, na 200 gawa kwa 10.67 ni 18.75.

Hesabu ya kilomita kwa lita inadanganya kwa namna nyingine pia, na hili ningependa kila mwenye gari alijue. Kutoka kilomita 10 kwa lita kwenda 20 unaokoa lita 5 katika kila kilomita 100. Kutoka 20 kwenda 25 unaokoa lita moja tu. Ukubwa wa namba unapanda, mafuta yanayookolewa yanapungua. Wewe unasononeka kwa sababu huoni 25, lakini akiba kubwa ulishaipata siku ulipoachana na gari la 10 au 11 kwa lita. Andika matumizi yako kwa lita kwa kilomita 100 na utalala vizuri zaidi. Kilomita 19 kwa lita ni lita 5.3.

Haya, betri. Sisemi fundi wako anakudanganya, nasema hajakuonyesha ushahidi. Betri ya gari lako ina moduli 28 za nikeli, kila moja volti 7.2, na kompyuta huzisoma mbili mbili, kwa hiyo ina volti za makundi 14 za kukuonyesha. Mwambie aunganishe mashine ya kupimia, mwingie barabarani, na mwangalie makundi hayo wakati unakanyaga mafuta na wakati unapunguza mwendo. Yote yakipanda na kushuka pamoja, betri ni nzima. Kundi moja likianguka peke yake unapokanyaga, kisha likaruka juu kuliko wenzake unapochaji, hilo lina ugonjwa. Hicho ndicho cheti cha kifo cha betri. Neno "imechoka" bila volti hizo halitoshi kutolea pesa.

Hata bila mashine, dalili za betri mbaya huzioni kwenye mafuta kwanza. Utaona mistari ya chaji inapanda hadi juu na kushuka hadi chini ndani ya dakika chache, kana kwamba betri imekuwa ndogo. Utasikia feni ya nyuma ikipiga kelele safari nzima. Hatimaye taa nyekundu ya pembetatu itawaka. Kama huna hata moja kati ya hizo, tafuta tatizo kwingine. Na kabla ya yote fungua ile grili ya hewa iliyo pembeni ya kiti cha nyuma. Betri inapoozwa kwa hewa ya ndani ya gari kupitia hapo, na kwenye magari yaliyotumika nafasi hiyo huwa imejaa vumbi, nywele, na nyuzi za kiti. Betri ikipata joto, kompyuta huipunguzia kazi, na kazi hiyo inahamia kwenye injini. Kusafisha grili na feni yake ni kazi ya muda mfupi, na kunaweza kuipa betri maisha marefu zaidi. Usiweke mabegi wala nguo juu ya grili hiyo.

Kitu ambacho ningekitazama kwenye kizazi chako kabla ya betri ni njia ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Huziba kwa masizi kadiri kilomita zinavyoongezeka. Injini ikiwaka asubuhi kwa kutetemeka kama inataka kuruka, au maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja nje, usipuuze: hedi gasketi inaweza kuwa imeanza kuachia. Huo ni ugonjwa wa kweli wa magari hayo, na gharama yake huongezeka kadiri unavyochelewa.

Matairi ni hadithi fupi. Jaza upepo asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na mkague alaimenti. Ila kama mwenye gari wa kwanza alifunga rimu kubwa na matairi mapana, hapo umeshapoteza kitu ambacho upepo hautarudisha. Angalia Toyota Camry Hybrid ya mwaka 2018: toleo la LE lilipewa maili 52 kwa galoni na matoleo ya SE na XLE yakapewa 46, gari moja na mwaka mmoja, tofauti ikiwa ni betri, uzito, matairi na vikorombwezo.

Kuhusu mguu wako, nitakwambia mambo machache tu ambayo yana maana kwenye haibridi. La kwanza ni breki. Betri yako hupokea kilowati ishirini na kitu, si zaidi. Ukitoka 80 hadi kusimama kwa sekunde 15, nguvu inayorudi ni wastani wa kilowati 23, na karibu yote inaweza kuingia. Ukisimama kwa sekunde 4 ni kilowati 86, na sehemu kubwa inaishia kwenye pedi. Kwa hiyo tazama mbali, ondoa mguu mapema, kanyaga kwa upole na kwa muda mrefu.

La pili ni kile kitufe cha EV, cha kwenda kwa umeme peke yake. Watu wanakibonyeza wakidhani wanaokoa. Betri nzima ina kilowati-saa 1.3, na kompyuta inakuruhusu kutumia sehemu tu, kwa hiyo utakwenda kilomita moja au mbili, kisha injini itaunguza petroli kuirudisha chaji hiyo, na kila ubadilishaji una hasara yake. Kitumie kusogeza gari kwenye maegesho na basi. Vivyo hivyo usiondoke kwenye taa kama konokono ili injini isiwake. Kanyaga kwa kiasi, fika kwenye kasi unayoitaka, halafu legeza. Injini hii hufanya kazi vizuri ikiwa na mzigo wa wastani kuliko ikiwa inabembelezwa.

Kwenye foleni usiweke gia kwenye N, maana gari haliwezi kuchaji betri likiwa N, na AC inaendelea kuinyonya. Gia ya B, inayotumia injini kupunguza mwendo, ni ya miteremko mirefu, pale betri imejaa na hutaki kuunguza breki. Kwenye barabara ya kawaida, B inageuza kuwa kelele za injini nishati ambayo ingeingia kwenye betri.

Mwenzako na haibridi yake ya kuchomeka anastahili jibu la haki, kwa sababu gari hilo linaweza kuwa zuri sana au baya sana. Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa takwimu zilizokusanywa na kompyuta za magari yenyewe, magari kama laki sita yaliyosajiliwa 2021. Ya petroli na dizeli yalitumia karibu asilimia 20 zaidi ya namba zao rasmi. Ya kuchomeka yalitumia, kwa wastani, mara tatu na nusu ya namba zao. Kipimo rasmi cha magari hayo kilidhani dereva anachaji mara nyingi, kumbe wengi hawachomeki kiasi hicho, na gari la kuchomeka lenye betri tupu ni haibridi ya kawaida iliyobeba kilo nyingi za ziada. Kama una mahali pa kuchaji kila usiku, na mizunguko yako ya kila siku inaishia ndani ya umbali ambao betri yake inaumudu, mwenzako ana hoja, na petroli utaisikia kwa majirani. Kama utategemea kuchaji ukipata nafasi, baki na Prius. Muulize yeye analichomeka la kwake mara ngapi kwa wiki na anajaza lita ngapi kwa mwezi, kisha linganisha lita hizo kwa kilomita 100 na 5.3 yako.